Kanzoneta, baleto, wimbo wa luti au lidi: uanze na upi?

Mwalimu wa kwaya anayetaka kitu chepesi cha kupumzisha masikio kati ya nyimbo mbili nzito, mwimbaji wa peke yake anayetafuta wimbo wa dakika mbili, na mshairi anayetamani kutia maneno ya Kiswahili kwenye tuni ya zamani, wote hukwama mahali pamoja. Ulaya ina aina nyingi za nyimbo fupi, majina yake yanaingiliana, na maelezo mengi huishia kusema kwamba zote ni fupi na zinachangamsha. Ni kweli, ila hilo halimsaidii mtu kuchagua. Nimechukua aina nne kwa sababu kila moja inabebwa na kitu chake: ya kwanza na mazungumzo ya sauti, ya pili na miguu, ya tatu na maneno, na ya nne na ubeti ambao msikilizaji anaondoka nao mdomoni.

Kanzoneta, wimbo mwepesi wa sauti chache zinazoitikiana, ilianza kuenea Italia kwenye miaka ya 1560. Orazio Vecchi wa Modena ndiye aliyeipa sura iliyoigwa na wengi, na Claudio Monteverdi, miaka mingi kabla ya opera zake, alichapisha huko Venice mwaka 1584 kitabu cha kanzoneta za sauti tatu akiwa na umri wa miaka 17. Thomas Morley aliihamishia London; zake za sauti tatu zilitoka mwaka 1593. Baleto ni ndugu yake mdogo, na ilitungwa ili watu waimbe huku wakicheza. Giovanni Giacomo Gastoldi, aliyeongoza muziki katika kanisa la Santa Barbara mjini Mantua, alitoa baleto za sauti tano mwaka 1591, na kitabu hicho kikachapishwa tena na tena.

Wimbo wa luti, yaani wa mwimbaji anayesindikizwa na ala ya nyuzi iitwayo luti, ni wa Uingereza. John Dowland alichapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1597, na miaka minne baadaye Thomas Campion akashirikiana na Philip Rosseter kutoa chao. Lidi, yaani wimbo wa Kijerumani wa sauti moja na piano, ilikuja karibu karne mbili baadaye. Hapa naiangalia ile iliyo nyepesi tu: ya Johann Abraham Peter Schulz, aliyeanza kuchapisha nyimbo zake za mtindo wa kienyeji mwaka 1782, na ile ya Franz Schubert alipofuata njia hiyohiyo ya ubeti mmoja unaorudiwa.

Nazipima kwa mambo matano: watu na ala zinazohitajika, ujenzi wa ubeti, mahali ugumu ulipojificha, lugha (na kama Kiswahili kinakaa ndani yake), na mahali zinapopendeza kuimbwa.

Watu na ala

Kanzoneta ndiyo yenye huruma kwa kikundi kidogo. Inaimbwa na watu watatu au wanne bila ala yoyote, na zile za Monteverdi mara nyingi zina sauti mbili za juu na moja ya chini. Mwaka 1595 Morley alitoa hata za watu wawili. Ila jihadhari na jina unapotafuta nota: Joseph Haydn alipokuwa London alichapisha, mwaka 1794 na 1795, nyimbo za Kiingereza alizoziita kanzoneta, na hizo ni za mwimbaji mmoja na kinanda. Ukimwagiza mtu akuletee kanzoneta bila kutaja karne, unaweza kuletewa kitu kingine kabisa.

Baleto ya kawaida inataka sauti tano, kwa hiyo soprano au tenori itagawanyika mara mbili. Kwaya ya watu kumi haina shida hapo. Kikundi cha watu wanne kitakwama, lakini kisikate tamaa, maana mwaka 1594 Gastoldi alitoa pia kitabu cha baleto za sauti tatu.

Wimbo wa luti unatosheka na mwimbaji mmoja na mpigaji mmoja, nao wanaweza kuwa mtu yuleyule. Luti ni jamaa wa udi, ala ambayo wapenzi wa taarabu wanaijua vizuri. Ulaya iliipata kwa Waarabu kupitia Hispania, ikaitia freti, yaani vigawanyo vya shingoni. Asiye na luti achukue gitaa. Legeza uzi wa tatu nusu sauti, funga kapo (kibano cha nyuzi) kwenye freti ya tatu, na utaweza kusoma kitabu cha Dowland kama kilivyochapwa, kwa sababu alama zake ni herufi tu: a ni uzi ulio wazi, b ni freti ya kwanza, na kuendelea. Kitu ninachokipenda zaidi katika kitabu kile ni mpangilio wa kurasa. Ukurasa mmoja una sauti ya juu pamoja na luti. Ule wa pili una sauti tatu nyingine, zimechapwa zikitazama pande tofauti, ili kitabu kimoja kikilazwa mezani watu walioketi kukizunguka waweze wote kusoma. Kwa hiyo wimbo huohuo unaweza kuwa wa mtu mmoja leo na wa wanne kesho.

Lidi inahitaji piano na mtu anayeijua. Kwa Schulz, piano inafanya kazi ndogo, hata mwanafunzi ataiweza. Kwa Schubert ni nyepesi kuisikiliza, lakini mpigaji asiyejiamini ataikosesha pumzi.

Ubeti umejengwaje

Katika kitabu chake cha mafunzo ya muziki cha mwaka 1597, Morley anaieleza kanzoneta kama wimbo mfupi wa vipande, unaoanza kwa wazo lililoguswa kidogo tu, na kila kipande kinarudiwa isipokuwa cha katikati. Ukiitazama kanzoneta yoyote ya kawaida utaliona hilo: kipande cha kwanza mara mbili, cha kati mara moja, cha mwisho mara mbili. Sauti moja inatupa wazo, nyingine inalidaka, kisha zote zinakutana mwishoni. Maneno ni ya mapenzi ya mchezo, wachungaji, macho yanayochoma na kadhalika. Usitafute falsafa humo. Tafuta wepesi wa kuitikiana.

Katika baleto, sauti zote zinatamka silabi moja kwa wakati mmoja. Mistari miwili mifupi, halafu "fa la la". Mistari mingine, halafu "fa la la" tena. Morley anasema watu waliziita kwa silabi hizo hizo, na mwenyewe aliuona muziki huu kuwa wa daraja la chini, uliobuniwa ili watu wacheze kwa sauti zao. Sikubaliani naye kuhusu daraja. Kuandika mistari minne ambayo miguu haiwezi kuikataa, na kuifanya isichoshe katika ubeti wa tatu, ni ufundi ambao watunzi wengi wa nyimbo ndefu hawana.

Wimbo wa luti una beti kadhaa kwenye tuni moja, na hapa mshairi ndiye mwenye nyumba. Campion alitunga maneno na muziki wake mwenyewe, na katika dibaji ya mwaka 1601 aliufananisha wimbo wa aina hii na shairi fupi la mistari michache yenye ncha: unakamilika pale unapokuwa mfupi na umekolezwa vizuri. Kwa Dowland, tazama wimbo wake wa kumwita mpenzi arudi, ulio katika kitabu cha 1597. Katikati ya ubeti wa kwanza kuna vitenzi vitano vifupi, kuona, kusikia, kugusa, kubusu, kufa, na tuni inampandisha mwimbaji ngazi kwa ngazi, kila kitenzi juu kuliko kilichotangulia, luti ikijibu katikati. Ubeti wa pili ukifika, ngazi zilezile zinapandwa na mtu anayeketi, anayeugua, anayelia, anayezimia, anayekufa. Sauti hazikubadilika hata moja, lakini shangwe imegeuka kilio. Kwangu mimi hakuna mahali pengine panapoonyesha vizuri zaidi kwamba kurudia tuni kunaweza kuongeza maana.

Lidi ya mtindo wa kienyeji ilitaka kitu cha namna hiyo kwa njia nyingine. Schulz alilenga tuni ambazo msikilizaji angehisi amekwisha kuzisikia, hata kama ni mara ya kwanza. Wimbo wake wa jioni, kwa shairi la Matthias Claudius kuhusu mwezi uliochomoza, ulichapishwa mwaka 1790 na Wajerumani wanauimba hadi sasa. Schubert naye alilichukua shairi la Goethe la kijana na waridi la porini mwaka 1815, akiwa na miaka 18. Beti tatu, kila moja mistari saba, miwili ya mwisho ikiwa kiitikio cha waridi jekundu. Muziki ni mwepesi kabisa. Habari yenyewe si nyepesi: kijana analichuma waridi kwa nguvu, linamchoma, linalia, na kilio chake hakilisaidii kitu. Anayeufundisha kama wimbo wa watoto wa chekechea aisome kwanza beti ya tatu.

Ugumu uko wapi

Nyimbo fupi zinadanganya. Hakuna mahali pa kujificha, kosa moja kwenye wimbo wa dakika mbili linasikika lote.

Katika kanzoneta ugumu ni kusikilizana. Kila sauti ina mtu mmoja au wawili, na anayechelewa kudaka wazo anaivunja mnyororo. Kwaya zilizozoea kuimba kwa mkupuo, soprano ikiongoza na wengine wakiifuata, zitapata tabu hapa, na pia zitajifunza mengi.

Baleto inashikika haraka kuliko zote, kwaya iliyo hai inaweza kuijua kwa jioni moja au mbili. Tatizo linakuja baadaye: mwendo. Watu wanachangamka, wanakimbia, maneno yanageuka uji. Tena kuna mtego kwa kwaya zetu zinazosoma sol-fa: silabi "fa la la" hazina uhusiano na nota fa na la. Mwambie mwanakwaya mapema, la sivyo atakutafutia fa ambayo haipo.

Wimbo wa luti ni mwepesi kwa koo na mgumu kwa ulimi. Nota si nyingi, wala hazifiki juu sana, lakini ubeti wa tatu ukiimbwa sawasawa na wa kwanza msikilizaji ameshaondoka. Mwimbaji inabidi aamue kila neno linasemwaje. Lidi inadai hilohilo, na juu yake maelewano na mpiga piano, ambayo hayapatikani kwa mazoezi ya siku ya tamasha.

Lugha, na Kiswahili kikiingia

Kwa matamshi, Kiitaliano ni rafiki yetu. Irabu ni zilezile tano, maneno mengi yanaisha kwa irabu, na kanuni chache zinatosha: ch husomwa k, c mbele ya i au e husomwa ch, na gn husomwa ny. Kiingereza cha enzi za Dowland kinasomeka, ingawa konsonanti za mwisho zinahitaji kuimbwa kwa pamoja. Kijerumani kinataka mwalimu, hasa kwa irabu zake zenye nukta mbili juu.

Jambo zito zaidi ni mkazo, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo watafsiri wengi wanapoumia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiitaliano hufanya hivyo katika maneno yake mengi. Matokeo ni kwamba mstari wa Kiitaliano kwa kawaida unatua kwenye silabi dhaifu, sawa na mstari wetu. Chukua baleto ya Gastoldi inayoanza "A lieta vita": mizani mitano, nguvu kwenye vi. Mwaka 1595 Morley aliiandikia upya kwa Kiingereza, na ili asiiharibu tuni alitafuta mistari inayoishia "chant it" na "grant it", neno zito likifuatwa na dhaifu. Mwaka 1598 Johann Lindemann akaitia maneno ya Kijerumani ya dini, "In dir ist Freude", nguvu mahali palepale. Ndani ya miaka saba tuni moja ilipita lugha tatu, na kila mmoja aliuheshimu mwisho ule dhaifu. Kiswahili kinaingia bila kusukumwa. Jaribu kuutia mstari wa mizani mitano kama huu:

Tuje tuimbe,
siku ni yetu.

Mkazo unaanguka unapotakiwa, na nota ya mwisho inatua kwa utulivu.

Mwenye kuzoea tenzi atafurahi zaidi akikutana na Gabriello Chiabrera, mshairi wa Savona aliyewapa watunzi wa Italia mistari mifupi ya kila namna. Shairi lake la waridi za zambarau, ambalo Giulio Caccini alilitilia muziki katika kitabu chake cha mwaka 1602, linakwenda kwa mizani nane, nne, nane, kisha tena nane, nne, nane. Waridi hizo ni midomo ya mpenzi, na hazina zinazolindwa nyuma yake ni meno, yaani shairi zima ni sifa za tabasamu. Mizani nane ndiyo ya mstari wa utenzi na ya kipande cha shairi letu la kawaida. Mtunzi wa Kiswahili ana zana hiyo tayari mkononi.

Kwa Dowland na Campion mambo ni magumu zaidi. Kiingereza kinapenda kumaliza mstari kwa silabi nzito, na tuni inaweka nota ndefu hapohapo. Ukitia neno la Kiswahili, silabi dhaifu inabebeshwa mzigo. Waliokulia kwenye nyimbo za kanisa zilizotafsiriwa wanaijua hali hiyo, neno linavutwa mwishoni hadi linasikika geni. Njia moja ni kuigawa nota ya mwisho iwe mbili. Inafanya kazi, lakini si kila mara, na mimi kwa wimbo wa luti napendelea kuimba lugha yake na kuwasomea watu maana kabla ya kuanza. Shairi la Goethe liko katikati: mistari minne ya kila ubeti inaisha kwa nguvu, mitatu kwa udhaifu, na bahati nzuri mstari wa mwisho wa kiitikio ni miongoni mwa hiyo mitatu.

Mahali pa kuimbia

Kanzoneta na wimbo wa luti ni vya chumba. Kwenye ukumbi wenye mwangwi mkubwa kuitikiana kunapotea, na luti haisikiki kabisa. Lidi inavumilia ukumbi wa wastani wenye piano nzuri. Baleto inafaa uwanjani, sherehe ya harusi, mahafali, popote watu walipo tayari kupiga makofi.

Kanisani? Maneno asilia ni ya mapenzi, kwa hiyo wengi husita. Ila historia imevuka mpaka huo mara nyingi. Tuni ile ya Gastoldi ilipokwisha kuvaa maneno ya Lindemann, mtunzi Bach aliitungia kipande cha ogani katika Orgelbüchlein, kitabu chake cha vipande vya ala hiyo. Hans Leo Hassler, Mjerumani aliyesomea Venice kwa Andrea Gabrieli, alichapisha mwaka 1601 wimbo wa mtu aliyevurugwa akili na msichana. Tuni hiyo ndiyo iliyokuja kuwa wimbo wa mateso ya Kristo, unaosikika katika muziki wa Mateso wa Bach kwa Injili ya Mathayo, na kwenye ibada za Ijumaa Kuu za Walutheri na Wakatoliki duniani kote.

Kwa hali yako

Una kwaya ya watu kumi au zaidi, wengi wanasoma sol-fa, na tamasha liko karibu: baleto. Chagua ya sauti tano, ifundishe polepole kuliko unavyotaka, na uongeze mwendo wiki ya mwisho.

Mko watatu au wanne na mnataka kukua kama waimbaji: kanzoneta. Anzeni na za sauti tatu, mkae mkitazamana, pasiwe na wa kuwaongoza kwa mkono.

Unaimba peke yako na una gitaa: wimbo wa luti. Ukipenda huzuni iliyotulia nenda kwa Dowland. Ukipenda maneno makali yaliyopimwa, Campion.

Una mpiga piano mnayeelewana: lidi. Kama ndiyo mara yenu ya kwanza, Schulz kabla ya Schubert. Na kama Kijerumani kinawashinda lakini piano ipo, zile kanzoneta za Haydn za Kiingereza zitawafaa vizuri.

Unataka kutunga au kutafsiri kwa Kiswahili: Kiitaliano kwanza, iwe kanzoneta au baleto, na uhesabu mkazo pamoja na mizani. Lidi zenye mistari ya mwisho dhaifu zifuate. Nyimbo za luti ziwe za baadaye, ukishajua ni wapi unaweza kugawa nota bila kuijeruhi tuni.

Huna bajeti ya vitabu: watunzi wote waliotajwa hapa walikufa zamani, na nota nyingi zinapakuliwa bure kutoka tovuti za Choral Public Domain Library na IMSLP. Hakikisha tu kwamba toleo unalolichukua limeruhusiwa, kwa kuwa mhariri wa siku hizi anaweza kuwa na haki juu ya kazi yake, na upime kama sauti zimepandishwa au kushushwa kabla hujachapa nakala za kwaya nzima.